Kusomewa na Kusoma

Katika chuo cha ualimu nilichosomea, mwanachuo hakuruhusiwa kusimama mbele ya darasa la mazoezi kabla hajapimwa kusoma kwa sauti. Mkufunzi alikaa nyuma kabisa ya chumba, akafumba macho, akasikiliza. Alama zilitolewa kwa matamshi, kwa vituo, na kwa jambo la tatu ambalo ndilo lililowaangusha wengi: kama msomaji anaelewa anachokisoma. Mtu aweza kutamka kila neno sawasawa na bado msikilizaji akatambua kwamba msomaji mwenyewe hayumo ndani ya habari. Nimefundisha na kuongoza shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, huku juu Mbinga na kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kipimo hicho sijakiacha. Sasa katika uzee wangu nimekutana na msomaji mpya, naye ni mashine. Nataka kumpima kama nilivyowapima walimu wangu, bila kumpendelea kwa kuwa ni wa kisasa, wala kumwonea kwa kuwa si mtu.

Nisemapo mashine nina maana ya ile programu inayokaa ndani ya kompyuta au simu, ikachukua maandishi na kuyageuza kuwa sauti. Kwa mwenye macho jambo hili ni la kupitishia wakati. Kwa asiyeona ni suala la kitabu kuwapo au kutokuwapo.

Na huku kwetu habari ya kutoona haikuwa ya mbali kamwe. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya nchi hii yaliyosumbuliwa na usubi, ugonjwa uletwao na inzi wadogo weusi wanaozaliana penye maji yaendayo kasi. Kabla dawa ya Mectizan haijaanza kugawiwa vijijini, wazee kadhaa niliowafahamu walikwenda shambani wakiwa wameshikwa mkono na wajukuu. Watoto nao walipofuka, wengine kwa surua, wengine kwa lishe duni. Mtoto asiyeona wa Lituhi, Liuli au Chiwanda alikuwa na njia mbili tu: kukaa nyumbani, au kupelekwa mbali sana, mathalani Buigiri kule Dodoma, ambako Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona mwaka 1950. Wengi walikaa nyumbani.

Waliobahatika kwenda walikutana na nukta nundu. Mfumo huu wa nukta sita aliubuni Mfaransa Louis Braille, naye mwenyewe hakuwa akiona, akauchapisha mwaka 1829, na hadi leo hakuna aliyebuni ulio bora kuushinda. Kasoro yake ni uzito. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida hutoa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, tena kwenye karatasi nene kama ya bahasha, na zisipobanwa vizuri nukta hulala. Kitabu cha jiografia ambacho mwanafunzi mwingine hukitia kwapani, kwa asiyeona huwa majuzuu kadhaa ya kubebwa na watu wawili. Mashine ya kuandikia ya Perkins, ambayo imeuzwa tangu 1951, ina uzito wa karibu kilo tano. Fikiria mzigo huo kwenye mashua, au juu ya lori la dagaa wakati ule kabla barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay haijatiwa lami.

Kwa hiyo sauti ilipokuja ilipokewa kama mvua, na haki yake. Kwa Kiingereza ilianza mapema. Ray Kurzweil alitoa mashine ya kuwasomea wasioona huko Marekani mwaka 1976. Kiswahili kilisubiri. Mwaka 2005 kikundi cha watafiti, akiwamo Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilieleza mfumo kilioutengeneza wa kugeuza maandishi ya Kiswahili kuwa sauti. Programu ya bure iitwayo eSpeak, ambayo Jonathan Duddington ndiye aliyeianzisha, ilikipa Kiswahili nafasi pamoja na lugha nyingine nyingi. Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kutengeneza NVDA, programu ya kusoma yote yaliyomo kwenye kioo cha kompyuta, akaitoa bila malipo kwa kuwa zilizokuwapo ziliuzwa kwa bei ambayo wasioona wengi hawakuimudu. Kisha mwaka 2021 kampuni ya Microsoft ikaongeza sauti za Kiswahili zenye majina ya watu: Rehema na Daudi kwa Tanzania, Zuri na Rafiki kwa Kenya. Hizi hufunzwa kwa kusikilizishwa saa nyingi za usomaji wa watu halisi, na ndiyo maana hazina ule mlio wa bati wa sauti za zamani.

Kiswahili ni lugha iliyomrahisishia mashine kazi. Tangu ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya usanifishaji mwaka 1930, tunaandika kama tunavyotamka na kutamka kama tunavyoandika. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Mhandisi anayetaka kuifundisha kompyuta kusoma Kiingereza hana budi kuipa kamusi nzima ya matamshi. Wa Kiswahili huanza na kanuni zinazoweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Pengine ndiyo sababu watu walidhani kazi imekwisha mapema kuliko ilivyokwisha.

Mimi mwenyewe nilivutwa na mambo haya na mjukuu wa dada yangu, binti wa Liuli, aliyepofuka akiwa na miaka sita. Sasa yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya mbali yenye kitengo cha wasioona, na likizo nyingine huzimalizia kwangu Mbinga kwa sababu ya umeme na mtandao. Ana kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika, aliyopewa na msamaria mwema. Nimeketi naye saa nyingi tukisikiliza sauti mbili za Kiswahili, moja ya zamani na moja ya hizi mpya. Sitazitaja, kwa sababu simpimi mtengenezaji mmoja. Ninayoyasema yanazihusu zote mbili, nami nadhani yatahusu na nyingine nyingi. Tulisikiliza madokezo yake ya Kiswahili, na maelezo ya jiografia ambayo mimi nilimwandikia kwa Kiswahili ili akielewe kitabu chake cha Kiingereza.

Nianze na sifa, maana zipo. Mashine haichoki. Binti akitaka aya moja irudiwe mara tisa, itarudiwa mara tisa bila kukohoa wala kutazama saa. Ndugu wanaomsomea, nami nikiwamo, huanza kuruka mistari ifikapo jioni. Pili, mashine haina lugha ya mama. Sisi watu wa ziwani tunapigana na r na l hadi kaburini. Nimemsikia mwalimu, tena mwalimu mzuri, akiwaambia watoto kwamba wananchi wana haki ya kupiga kula. Mashine haikosei kura na kula hata siku moja. Mtoto wa Kinyanja au wa Kimatengo anayeisikiliza kila siku anapata matamshi safi ambayo katika shule zetu nyingi hayapati.

Tatu, na hili lilinishangaza, binti anaipenda sauti ya zamani kuliko mpya. Mimi nilipenda mpya, yenye pumzi na upole kama mtangazaji wa redio. Yeye aliniambia, "Babu, hii nzuri kusikiliza hadithi, lakini inanichelewesha." Huiweka ile ya zamani kwenye kasi ambayo kwangu ni kelele za nyuki, na haishiki neno moja moja, hulisikiliza kama mimi ninavyoupitisha macho ukurasa. Tena haihitaji mtandao, nayo mpya tuliyoitumia sisi hunyamaza kila mtandao ukatikapo, na Liuli mtandao hukatika. Wanaotoa tuzo kwa sauti tamu wangefaa kuwauliza kwanza wenye kuitumia.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni hesabu, na mwalimu yeyote wa Kiswahili angeisikia kabla ya dakika moja kwisha. Katika maelezo yangu niliandika kwamba mito 3 inashuka kutoka safu za Umatengo. Mashine ikasoma "mito tatu". Nikaandika mashimo 4, ikasema "mashimo nne". Watu 8, ikasema "watu nane". Kiswahili hakikubali hivyo. Mito ni mitatu, mashimo ni manne, watu ni wanane. Sita, saba, tisa na kumi ndizo zisizobadilika. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zote huvaa sare ya jina zilizoongozana nalo. Mashine imefundishwa kuhesabu lakini haikufundishwa kutazama nyuma kuona inahesabu nini. Mwenye macho akisoma tarakimu huziweka sawa mwenyewe bila kujua. Asiyeona hupokea kosa likiwa limepikwa tayari, na akilisikia mara 1,000 litakuwa ndiyo sarufi yake.

Tarehe nazo ni kichekesho. 9/12/1961 ilisomwa pamoja na mikwaju yake yote miwili. Saa 2:30 ikawa "mbili thelathini", kana kwamba sisi hatuna nusu. Nami nilipoandika, kwa kujigamba kidogo, kwamba nilihitimu ualimu Daraja la III A, mashine ilitoa mlio mrefu kama wa mtu aliyekanyaga mwiba.

Zaidi ya hesabu kuna maneno yanayoandikwa sawa na kutamkwa mbalimbali. Si mengi, lakini yana sumu. Barabara ya lami ina mkazo wake mahali pake, na "sawa barabara" ina mwingine. Na liko neno ambalo mtu wa Mbinga hawezi kulikwepa: mbuni. Mbuni ni mti wa kahawa, uliosomesha nusu ya watoto wa wilaya hii. Mbuni ni ndege mkubwa asiyeruka. Na mbuni ni mtu anayebuni, kama huyo Louis Braille. Katika ndege, m imeshikana na b. Katika mti na mtu, m inasimama peke yake kama silabi. Sikio la Mswahili halikosei. Mashine iliyasoma yote matatu kwa namna moja, na sentensi yangu juu ya mbuni wa nukta nundu ikanipa mfanyakazi aliyekuwa nusu mtu na nusu ndege.

Msomaji ataona nachekesha, lakini twende kwenye ushairi uone jambo hili linavyouma. Mwanafunzi wa sekondari hutakiwa kuhesabu mizani. Mwenye macho huhesabu kwa kidole na penseli. Asiyeona anayetegemea mashine huhesabu kwa sikio, na sikio lake litampa hesabu ile ile aliyopewa na mashine. Mbuni ndege ana mizani miwili, mbuni mtu ana mitatu. Ikiwa m ya "mtu" au n ya "nchi" imemezwa, mshororo wa mizani 16 unakuwa na 15, na binti anaandika kwamba mshairi amevunja kanuni. Isitoshe, mashine haipumziki katikati ya mshororo, pale vina vya kati vinapokutana, isipokuwa mtu aliyechapa ameweka alama ya mkato. Ilisoma shairi zima kama tangazo la mnada. Kwa kipimo cha mkufunzi wangu, hapa ndipo ilipopata sifuri: ilitamka kila neno, haikuwamo ndani ya habari.

Hata hivyo kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba lawama kubwa si ya sauti. Ni ya kitabu. Sauti husoma ilichopewa, na sisi tunaipa takataka. Kitabu kimojawapo alichotumiwa binti kwenye simu kilikuwa picha za kurasa zilizopigwa na kufungwa pamoja kama faili la PDF. Kwa macho yangu kilikuwa kitabu. Kwa mashine yake kilikuwa albamu ya picha, na ilinyamaza kimya tangu jalada hadi mwisho. Kingine kilikuwa na maandishi, lakini yamepangwa safu mbili, na mashine ikasoma mstari wa kushoto ikaunganisha na wa kulia, ukawa uji. Cha tatu kilimwambia kila baada ya ukurasa mmoja, "Tazama picha hapo juu." Anionyeshe mtu picha hiyo iko juu ya nini.

Kuna na ile alama ndogo ya ng'. Siku hizi vijana wanaochapa kwa simu huiacha, au kompyuta huweka alama nyingine inayofanana nayo kwa macho. Hapa wilaya ya Nyasa tuna kata iitwayo Ng'ombo. Katika faili moja jina hilo lilisomwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, kwa sababu mchapaji alikuwa ameliandika kwa namna tatu. Binti alidhani ni vijiji vitatu. Mbamba Bay nayo mashine iliijulia nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili, kwa kuwa ni Kiingereza, iliitafuna isivyotafunika.

Kiingereza ndicho tatizo kubwa la sekondari, ambako karibu masomo yote yamo katika lugha hiyo. Faili lisipowekewa alama ya lugha yake, sauti ya Kiswahili hulisoma Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili. Somo la baiolojia juu ya wanyama wanaotafuta mwenzi, yaani mate kwa Kiingereza, likawa somo juu ya mate ya kinywani. Kinyume chake ni kibaya zaidi, sauti ya Kiingereza inaposoma Kiswahili. Kuibadili sauti ni kazi ya vidole viwili kwa anayejua, lakini walimu wake hawakufundishwa, na madokezo mengi ya shuleni huchanganya lugha hizo mbili ndani ya sentensi moja. Kwa Kimatengo na Kinyanja hakuna sauti nilizokutana nazo, kwa hiyo bibi yake akimtumia ujumbe wa Kinyanja, mashine hutamka maneno ya bibi kwa lafudhi ya mgeni kutoka pwani.

Mengi ya haya dawa yake ni kazi, wala si kazi ya wahandisi. Nilimwandikia upya sura tatu za jiografia. Nambari zinazofuatana na majina niliziandika kwa maneno: mito mitatu, mashimo manne. Vifupisho nilivifungua. Vichwa vya habari niliviwekea alama ya kichwa, si wino mnene tu, ili aruke kutoka kichwa hadi kichwa bila kusikiliza kila kitu. Palipokuwa na picha nikaandika maelezo, na hapo ndipo nilipojua kuwa kueleza picha ni kufundisha mara ya pili. Jaribu kumwelezea ngoro mtu asiyeona. Kitabu kina mchoro unaoonyesha mashimo yale ya kilimo cha Umatengo, mteremko mzima ukiwa na visanduku kama sega la nyuki. Niliandika mistari 12 juu ya nyasi zinavyolazwa kwa vipande vya mraba, udongo unavyofukiwa juu yake kuwa matuta, na shimo la katikati linavyokamata maji ya mvua yasichukue ardhi. Binti alisikiliza, akaniomba nimpeleke. Tukaenda shambani kwa jirani, akashuka ndani ya shimo moja, akapapasa kingo zake nne, kisha akaniambia mistari yangu sita ilikuwa ya bure. Nikaifuta.

Sheria nayo haituzuii tena kama zamani. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2016, unataka nchi wanachama ziruhusu kitabu kutengenezwa katika namna inayosomeka kwa wasioona pasipo kungoja idhini ya mwenye hakimiliki, tena nakala iweze kuvushwa mpaka. Kenya iliingia 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Maana yake ni kwamba faili safi la Kiswahili likitengenezwa Nairobi au Dar es Salaam, halina sababu ya kutengenezwa tena Mbinga. Mlango umefunguliwa. Ila mlango hauandiki vitabu.

Sasa nifike kwenye jambo lililotutenga mimi na mpwa wangu, mama wa binti. Likizo ya Desemba alipanda kutoka Liuli kuja kumchukua mwanawe, akamkuta amekaa barazani na kibao chake cha nukta nundu na msumari wa kutobolea, anaandika imla niliyompa. Mpwa wangu hakufurahi.

"Mjomba, mtoto ana kompyuta inayomsomea. Ya nini tena kumtesa na vitu vya kale? Vidole vyenyewe vimeota sugu."

Nilimwelewa. Ameona mwanawe akikaa bila kitabu miaka mingi, na sasa anakisikia kitabu kikisema ndani ya nyumba yake. Anayeuona muujiza hapendi kusikia kasoro zake. Wako pia wataalamu wasemao kama yeye, kwamba sauti imeiondolea nukta nundu haja. Mimi nasema la hasha, na ushahidi wangu ni daftari la binti.

Mwaka mmoja alisoma kwa sauti tu, kwa kuwa vitabu vya nukta nundu vya darasa lake havikufika. Mwisho wa mwaka ule alizungumza Kiswahili kizuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Lakini alipoandika, aliandika "kwasababu" neno moja, "hatakama" neno moja, "ana kuja" maneno mawili. Alama za mkato hakuweka kabisa. Angejuaje? Sikio halisikii nafasi iliyopo kati ya neno na neno. Halisikii herufi kubwa, wala aya inapoanzia. Mwenye macho hujifunza hayo kwa kuyaona mara elfu bila kufundishwa. Asiyeona hujifunza kwa kuyagusa. Kusomewa ni kitu kizuri, watoto wote husomewa. Ila hakuna mtoto mwenye macho ambaye tungemsomea hadi kidato cha nne kisha tukasema amejua kusoma.

Na kuna mtihani. Atakapoketi kidato cha nne, karatasi atakayowekewa mezani itakuwa ya nukta nundu, na saa itakuwa inakwenda. Vidole vilivyozoea kungoja sikio vitasoma polepole. Nilimpima: dakika moja, ukurasa wa kawaida, maneno 38. Nilimwambia mpwa wangu idadi hiyo, akanyamaza, kisha akauliza mwenye macho husoma mangapi. Nikampa kitabu asome mwenyewe nikishika saa. Alifika 140 na ushee. Hakusema neno jingine juu ya sugu, ingawa sidhani kama aliridhika.

Kinachonisikitisha katika mashindano haya ya sauti na nukta ni kwamba hayana msingi, maana vyote viwili hunywa kisima kimoja. Faili lile lile lililo safi, lenye vichwa vilivyowekewa alama na picha zilizoelezwa, ndilo linalosomwa na sauti, na ndilo linalogeuzwa kuwa nukta nundu na kupelekwa kwenye mashine ya kuchapa. Programu ya bure ya kugeuza ipo, inaitwa Liblouis, kwa heshima ya Louis Braille; aliyeianzisha mwaka 2002, John Boyer wa Marekani, alikuwa haoni wala hasikii. Hakuwa na faida yoyote na sauti tamu. Vipo pia vibao vya umeme ambavyo nukta zake huinuka na kushuka chini ya kidole kadiri maandishi yanavyokwenda, na hivyo vingemaliza ule mzigo wa majuzuu, ila bei yake ni ya kumfanya mkulima wa kahawa ahesabu misimu mingi.

Basi kama ningeulizwa fedha ziende wapi, nisingeanza na sauti nyingine ya sita au ya saba yenye jina la msichana. Ningewalipa vijana wanne waliosoma Kiswahili vizuri, wakae na vitabu vya shule, wavisafishe kimoja kimoja, na mmoja wao awe asiyeona ili awarudishie walichokiharibu. Kisha ningempelekea mhandisi wa sauti orodha fupi: nambari zifuate ngeli, m na n zinazosimama peke yake zitamkwe, saa zisomwe kama tunavyozisema, na shairi lisomwe kama shairi. Orodha hiyo ingejaa nusu ukurasa. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza angeiandika.

Kwa sasa kazi hiyo tunaifanya wawili, barazani. Binti husikiliza nilichochapa usiku, na asubuhi ananisomea makosa yangu kwa namba ya mstari, akiwa amenikalia kooni kuliko mkaguzi yeyote niliyewahi kumpokea shuleni. Tumemaliza sura ya nne. Ya tano ina ramani ya Ziwa Nyasa yenye nchi tatu, mito, bandari na kina cha maji kwa rangi, na nimekwisha ijaribu kwa maneno mara mbili. Juzi nimenunua uzi wa kushonea viroba, gundi, na ubao wa plaiwudi, nione kama ufukwe kutoka Lituhi hadi Chiwanda utakaa.